Safari ya Mulago, Kuitafuta BCL2

Mtu wa Mwanza anayetaka kwenda Kampala bila ndege ana njia mbili. Ya kwanza ni basi la mashariki, linalopita Musoma na Sirari, likaingia Kenya na kutokea Busia. Ya pili ni meli ya usiku mpaka Bukoba, kisha barabara ya Mutukula. Nilichagua meli. Mama yangu anaamini kwamba anayevuka mpaka kwa mara ya kwanza hapaswi kwenda mbio, nami nilikuwa na sababu yangu ambayo sikumwambia: nilitaka kuipita taratibu nchi ya ule uvimbe ambao nimeutazama kwenye vioo tangu nianze kazi.

Kazi yangu ni kukata nyama, ingawa si ya buchani. Daktari wa upasuaji akitoa kipande cha tezi au cha taya, naletewa kikiwa ndani ya chupa ya fomalini. Nakizamisha kwenye nta mpaka kiwe bloku ngumu, nakikata kwa mashine utepe wa maikroni 3 au 4, naubandika kwenye slaidi, naupaka hematoksilini na eosini, halafu nampelekea mwanapatholojia asome. Rangi hizo mbili, zambarau na waridi, zimetulisha sote maabara kwa muda mrefu. Zinaonyesha umbo. Haziwezi kukuambia ndani ya seli hii kuna protini gani, na kwa magonjwa ya damu na tezi hilo ndilo swali lenyewe. Hujibiwa na kingamwili: unatafuta ile inayonata kwenye protini moja tu, unaifunga na kitu kinachogeuka kahawia, na popote patakapogeuka kahawia, protini ipo.

Hospitali yetu ilipata nafasi ya kumpeleka mtu mmoja akajifunze kazi hiyo kwenye maabara moja kilimani Mulago. Katika orodha ya kingamwili zitakazofundishwa ilikuwemo BCL2. Nilipoiona nikaacha kusoma zilizofuata.

Meli ni ile ile Victoria iliyoanza kulikata ziwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, iliyokarabatiwa na kurudi majini na jina refu la New Victoria Hapa Kazi Tu. Jiwe la Bismarck lilipobaki nyuma na taa za Kirumba zikaanza kufifia, nilishuka kwenda mgahawani nikakuta meza zote zimejaa, isipokuwa moja ya mzee aliyevaa koti la suti na kandambili. Nikamwamkia, akanikaribisha. Alikuwa mwalimu wa baiolojia mstaafu, anarudi kwao Muleba.

"Unakwenda kusomea nini huko, mwanangu?"

"Jeni, mwalimu. Jeni inayozuia seli isife."

Akacheka kidogo. "Sasa hiyo ni ya kuitafuta au ya kuipigia makofi?"

Swali lake lilikuwa la mwalimu kweli, kwa hiyo nilimjibu kwa kirefu, na chai ikapoa. Mwilini mwa mtu mzima hufa mabilioni ya seli kila siku, na nyingi kati ya hizo hazifi kwa ajali. Zinajiua kwa utaratibu zilizozaliwa nao. Seli inasinyaa, inakatakata DNA yake, inajigawa vifurushi vidogo, na seli jirani au seli walaji zinavimeza. Hakuna usaha, hakuna wekundu, hakuna maumivu. Kiganja cha mtoto tumboni huanza kikiwa bapa, na vidole huachana kwa sababu seli zilizo kati yake hufa kwa zamu. Kuna mnyoo mdogo wa udongoni, C. elegans, ambao katika kukua kwake hutengeneza seli 1,090 za mwili, na kati ya hizo 131 hufa, zile zile, kwa saa zile zile, katika kila mnyoo. Waliozihesabu seli hizo na kuzipata jeni zinazoamua kifo chake walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2002. Jeni moja ya mnyoo huyo inayozuia seli kufa ni jamaa wa BCL2 ya binadamu, na wa karibu kiasi kwamba BCL2 ikipandikizwa ndani ya mnyoo inaziokoa seli ambazo zingekufa.

Mwalimu alitaka kujua inazuia vipi. Nikamwambia kwamba protini ya BCL2 hukaa kwenye utando wa nje wa mitokondria. Hapo hapo ndipo wanapofanyia kazi yao ndugu zake wabaya, BAX na BAK. Wakiachiwa, wanatoboa utando. Sitokromu c inamwagika nje ya mitokondria, inaamsha vimeng'enya viitwavyo kaspesi, na hivyo vinaibomoa seli kutoka ndani. BCL2 inawazuia.

"Kumbe ni yule anayemshika mgomvi mikono asirushe ngumi," akasema.

"Ndiye huyo. Na kila ugomvi una mchochezi wake. Seli ikiumia au ikikosa riziki, hutoa protini nyingine, moja inaitwa BIM, inayokwenda kumtoa huyo mshikaji njiani."

"Basi mimi nasema ni mtu mwema."

"Ni mwema, mpaka pale ugomvi unapokuwa wa haki."

Hapo nilimsimulia jinsi ilivyogunduliwa, maana ndiyo sehemu ninayoipenda. Mwaka 1984, Philadelphia, Yoshihide Tsujimoto na Carlo Croce na wenzao walikuwa wakichunguza saratani ya tezi iitwayo limfoma ya folikula. Ndani yake kromosomu ya 14 na ya 18 huwa zimebadilishana vipande. Kwenye mpasuko huo wakakuta jeni ambayo haikuwa imejulikana, wakaipa jina la ugonjwa wenyewe na namba ya pili. Wakati ule jeni za saratani zilizokuwa zikifahamika zilikuwa za kuichochea seli igawanyike, na ilikuwa rahisi kudhani hii nayo ni ya ukoo huo. Mwaka 1988, huko Melbourne, David Vaux, aliyekuwa bado mwanafunzi, akiwa na Suzanne Cory na Jerry Adams, aliipandikiza BCL2 kwenye seli za damu ambazo haziishi bila kulishwa homoni fulani, kisha wakaikatiza homoni. Seli za kawaida zilikufa. Zenye BCL2 hazikuongezeka hata moja, ila hazikufa. Zilikaa tu. Saratani, kumbe, inaweza kuanza kwa seli iliyogoma kuondoka, hata kama haina haraka ya kuzaana.

Katika jaribio hilo hilo waliiunganisha BCL2 na jeni nyingine, MYC, ambayo ndiyo hasa kazi yake ni kuihimiza seli izaliane. Zikiwa mbili pamoja, seli ziliendelea kukua bila kikomo. Mwalimu aliniomba nirudie jina la hiyo ya pili. Nilimwambia aikumbuke, maana huku kwetu kanda ya ziwa MYC ndiyo yenye mji.

Bukoba tulifika alfajiri. Ulikuwa Novemba, msimu wa senene, na kina mama bandarini walikuwa tayari na mafungu ya senene wa kukaanga kwenye mifuko. Nikanunua wa kula njiani. Basi la Kampala lilikuwa limejaa wafanyabiashara wa vitenge na vijana wawili wenye mabegi ya shule waliokuwa wakirudi chuoni Makerere. Tukapita Kyaka, kwenye mto Kagera, ambako daraja lilibomolewa na majeshi ya Amin mwaka 1978. Dereva alipunguza mwendo kwenye daraja la sasa, abiria mmoja mzee akataja majina ya watu wawili kwa sauti ya chini, na safari ikaendelea. Mutukula sikukaa sana. Ofisi za nchi mbili ziko pamoja. Waliangalia hati yangu ya kusafiria na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, wakagonga mihuri. Nilijiandaa kujisikia nimetoka nchini. Nilichoona ni migomba ile ile na udongo mwekundu ule ule, na watu wanaosalimiana kwa magoti.

Nilikuwa na kitabu cha kusoma njiani lakini sikukifungua, maana nchi hii yenyewe nilikuwa nimeisoma kabla, katika habari za ule uvimbe. Mwaka 1957, pale Mulago, daktari Hugh Trowell alimwita mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, amwangalie mtoto mwenye uvimbe pande zote za taya. Burkitt hakuwa ameona kitu cha namna hiyo. Muda mfupi baadaye, Jinja, akachungulia dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye uso ule ule. Akaanza kupekua rekodi na kuuliza kwa barua hospitali za mbali, akichoma pini kwenye ramani kila jibu lilipokuja. Oktoba 1961 akaondoka Kampala na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, ndani ya gari la Ford lililokwishatumika, wakashuka kusini mpaka Afrika Kusini. Walikwenda zaidi ya kilomita 16,000 kwa wiki kumi hivi, wakiingia hospitali baada ya hospitali, hamsini na saba kwa jumla, wakiuliza swali moja: mmewahi kuona mtoto wa hivi? Daktari mwenye jicho moja, aliyepoteza lingine utotoni, ndiye aliyewafanya wenye macho mawili watazame.

Walichorudi nacho ni mkanda. Uvimbe huo, ambao leo huitwa limfoma ya Burkitt, ulikuwa wa nchi za joto na mvua. Huku kwetu ulikoma penye mwinuko wa kama mita 1,500, na kadiri walivyokwenda kusini ndivyo ulivyoshuka kuelekea pwani. Joto likishuka chini ya nyuzi 16, au mvua ikipungua chini ya sentimita 50 kwa mwaka, haupo. Huo ni mkanda wa mbu, na leo inajulikana kwamba malaria ya mara kwa mara ni nusu ya habari. Mkoani Mara, kati ya 1977 na 1982, watoto wa Tarime na vijiji vya jirani walipewa klorokwini ya kinga ili kuona kama uvimbe ungepungua. Ulipungua, lakini ulikuwa umeshaanza kupungua kabla ya vidonge, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuapa. Mimi ningependa jaribio lile lirudiwe kwa zana za leo, na sielewi kwa nini halizungumzwi hata Musoma.

Nusu ya pili ya habari ni kirusi. Burkitt alitoa mhadhara London mwaka 1961, na kati ya waliomsikiliza alikuwepo Anthony Epstein, mtaalamu wa virusi. Wakakubaliana awe anatumiwa vipande vya uvimbe kutoka Uganda kwa ndege. Vipande vingi havikumpa kitu. Mwishoni mwa 1963 ndege yenye kifurushi ilielekezwa Manchester kwa sababu ya ukungu London, na kilipomfikia maji yake yalikuwa ya mawingu. Kwa kawaida hayo ni bakteria na sampuli ni ya kutupa. Epstein akaweka tone chini ya hadubini. Hazikuwa bakteria. Zilikuwa seli za uvimbe zimejing'oa kwenye kipande na kuelea, hai, baada ya safari yote ile. Kutokana na seli hizo akapata ukoo wa kuotesha chupani, na mwaka 1964 yeye, Bert Achong wa Trinidad na Yvonne Barr wakatangaza kirusi walichokiona ndani yake. Kirusi hicho, Epstein-Barr, karibu kila mtu mzima duniani anacho. Kina jeni yake chenyewe inayofanana na BCL2, tayari kuizuia seli kilichomo isife kabla hakijamaliza shughuli zake. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilikasirika kidogo. Kinakuja na mshikaji wake kutoka nyumbani!

Masaka tulipita mchana. Kando ya barabara kulikuwa na mabati mapya yamesimamishwa kwa mshazari juu ya mapipa, na nguzo zenye taa kubwa. Ndiyo mitego ya senene, wanaovutwa na mwanga usiku wakagonga bati na kutumbukia. Lukaya tulisimama kwa kuku wa kuchoma na ndizi za gonja zinazoingizwa madirishani. Kayabwe tukapita ikweta, abiria hata hawakugeuka. Kampala ilianza muda mrefu kabla ya kufika, na mwendesha boda aliyenichukua stendi alipanda vilima viwili na kushuka kimoja kabla ya kuniambia, "Mulago eyo, nnyabo," akinyoosha mkono.

Kilima chenyewe ni mji. Kuna hospitali kuu, kuna shule ya udaktari ya Makerere, kuna vibanda vya fotokopi na vya majeneza, na kwa juu iko Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanza mwaka 1967 kama kituo kidogo cha kutibu limfoma, hii hii ya Burkitt. Chini ni Wandegeya, ambako chapati hukunjwa na mayai ikaitwa roleksi. Chakula changu cha jioni kilitoka huko.

Mwalimu wangu wa maabara alikuwa mzee mstaafu anayeitwa arudi kila wanapokuja wageni. Alizungumza Kiswahili cha Jinja, kifupi, chenye amri nyingi. Vijana walimwita mzee na mimi nikafuata. Hakuanza na kingamwili. Alianza na jiko la shinikizo, sufuria ile ile ya kupikia maharage, ikiwa na maji ya bafa yanayochemka. Fomalini huzifunga protini kwa minyororo. Usipozichemsha slaidi, kingamwili haitapata pa kushika. Ukizichemsha kwa papara, tishu inabanduka na kuelea, na kipande cha mtu kikielea hakuna cha kufanya. Kwa hiyo slaidi lazima ziwe zile zenye chaji ya umeme inayoing'ang'ania tishu. Kisha peroksidi, kisha kingamwili ya kwanza, kusuuza, ya pili, kusuuza, rangi ya kahawia, kusuuza, hematoksilini kidogo ili seli nyingine zibaki za bluu. Kusuuza ndiko kunakotenganisha fundi na mtu aliyepita njia. Mzee alisimama nyuma yangu akihesabu dakika kwa Kiganda.

Slaidi ya kwanza ya BCL2 aliyonipa ilikuwa ya uvimbe wa Burkitt, bloku ya zamani ya kufundishia. Kwanza alinitazamisha ile ya rangi za kawaida. Umbo hilo nalijua: shuka zito la zambarau, seli zimebanana zote za ukubwa mmoja, na katikati yake madoa meupe ya duara yaliyotawanyika. Wanapatholojia huliita anga yenye nyota, na kila mwanafunzi hulikariri. Mzee akauliza nyota ni nini. Nikamjibu ni makrofaji, seli walaji.

"Zinakula nini?"

Nikasogeza lenzi kubwa. Ndani ya kila doa jeupe kulikuwa na vipande vyeusi vya mviringo, vikubwa na vidogo. Nilikuwa nimevipaka rangi mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka na sikuwa nimewahi kuulizwa. Ni maiti za seli, zile zilizojikata vifurushi. Kila nyota katika anga ile ni mahali seli kadhaa zimejiua na mlaji akaja kusafisha. Uvimbe unaokua kwa kasi kuliko uvimbe wote wa binadamu, unaoweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, umejaa vifo.

Sababu yake ndiyo MYC. Katika Burkitt, kama ilivyobainishwa mwaka 1982, jeni hiyo huhamishwa kutoka kromosomu ya 8, mara nyingi kwenda kwenye ya 14, ikawekwa jirani na jeni za kutengeneza kingamwili ambazo katika seli za B hazizimwi. MYC inaanza kuwaka bila kupumzika. Lakini mwili una hekima yake: seli inayohimizwa kupita kiasi hutoa pia BIM na wachochezi wengine, na protini nyingine, p53, huingilia, ili ife. MYC inazalisha na kuua kwa mkono mmoja. Uvimbe wa Burkitt unaishi kwa sababu umepunguza upande wa pili, wakati mwingine kwa kuiharibu p53, wakati mwingine kwa MYC yenyewe kubadilika kidogo isiweze kuiita BIM, huku kirusi kikisaidia. Umepunguza tu. Haukuufunga.

Na ile slaidi ya kahawia? Nilipoiweka chini ya lenzi ilikuwa bluu tupu. Nikasema BCL2 haipo.

"Nani kakuambia?" mzee akauliza. "Labda hukumimina. Labda chupa imeharibika. Bluu si jibu, dada. Tafuta kwanza kile kilichopaswa kuwa kahawia."

Nikatafuta. Huku na huku, moja hapa, tatu pale, kulikuwa na seli ndogo zenye mzingo wa kahawia safi. Ni limfosaiti za aina ya T, za mgonjwa mwenyewe, wapita njia wasio na saratani, ambazo kwa asili huwa na BCL2. Zenyewe zimegeuka, kwa hiyo rangi ilifika, kwa hiyo ubluu wa zile nyingine ni ubluu wa kweli. Sasa ndiyo ningeweza kuandika hasi.

Hiyo hasi ndiyo niliyoifuata ng'ambo ya ziwa. Seli za Burkitt zinatokana na kitovu cha folikula, mahali ndani ya tezi ambapo seli za B hufanyiwa mtihani mkali: zinazotengeneza kingamwili isiyoshika vizuri hufa papo hapo. Ili mtihani huo uwezekane, seli zikiingia hapo huizima BCL2. Limfoma ya folikula, ile ya Philadelphia, inazaliwa pale BCL2 inapolazimishwa kuendelea kuwaka ndani ya chumba hicho cha mtihani. Waliofeli wanabaki, wanakaa miaka, uvimbe unakua polepole, na dawa huupunguza lakini aghalabu hurudi. Burkitt imetoka chumba hicho hicho bila BCL2. Inazaana kwa kasi ya kutisha huku ikiwa hatua moja tu kutoka kifoni. Nadhani hapo ndipo penye sehemu kubwa ya siri ya kile ambacho Burkitt mwenyewe alikishuhudia Mulago miaka ya 1960, alipompa mtoto dawa ya saiklofosfamaidi, wakati mwingine dozi moja tu, na taya lililovimba likarudi mahali pake ndani ya siku chache. Dawa haikuwa na miujiza. Iliiongezea seli jeraha, na seli haikuwa na wa kumshika mgomvi.

Sisi wa maabara hatuwaoni wagonjwa. Tunaona namba za bloku. Siku moja kijana mmoja wa maabara alinipandisha Taasisi kupeleka majibu, tukapitia kando ya wodi ya watoto. Nesi alikuwa amekaa karibu na kitanda cha mtoto mwenye uvimbe wa taya, hafanyi kitu cha kushangaza, anapima mkojo kwenye chupa na kuandika. Mtoto alikuwa ameanza dawa jana yake. Seli nyingi zikifa kwa mkupuo, potasiamu, fosfeti na DNA zilizokuwemo humwagika kwenye damu, DNA hiyo ikageuka asidi ya yuriki inayoziba figo, na mtoto anaweza kuuawa na kufa kwa saratani yake. Ndiyo maana anamwagiwa dripu na kupewa alopurinoli, na ndiyo maana mkojo unahesabiwa. Mama yake aliniuliza kitu kwa Kiluo cha kaskazini ambacho sikukielewa, nesi akamjibu kwa niaba yangu, wote wawili wakacheka. Katika nchi tajiri zaidi ya watoto 9 kati ya 10 wenye ugonjwa huu hupona. Wetu wengi hawafikii hapo, na tofauti hiyo haimo ndani ya jeni yoyote. Imo kwenye nauli, kwenye wiki zilizopotea kwa kung'oa meno yaliyolegea, na kwenye dawa inayoisha katikati ya mzunguko.

Wiki ya mwisho ililetwa tezi ya mtu mzima. Kwa rangi za kawaida ilikaribia sana Burkitt, hata nyota chache zilikuwepo, na vijana walishaanza kuandika. Mzee akaagiza BCL2. Ilitoka kahawia kutoka pembe hadi pembe. Hakukuwa na haja ya kutafuta limfosaiti za T. Mwanapatholojia alikaa nayo muda mrefu. Zipo limfoma ambazo MYC na BCL2 zote zimehamishwa, jeni ya kuhimiza na jeni ya kuzuia kifo kwenye seli moja, ndoa ile ile iliyofungwa chupani Melbourne mwaka 1988. Ni ngumu kutibu kuliko Burkitt kwa mbali. Kingamwili inaonyesha protini tu, haithibitishi kwamba kromosomu zimebadilishana vipande, kwa hiyo aliandika ombi la kipimo kingine. Nilimuuliza kuhusu venetoklaksi, dawa inayoingia mahali pa BIM na kuiondoa BCL2 njiani, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016 kwa saratani moja ya damu ya watu wazima. Akaniambia anajua inavyofanya kazi vizuri kabisa, ameifundisha darasani kila mwaka. Bei yake aliitaja kwa dola, na hakuigeuza kuwa shilingi.

Nilirudi kwa njia ile ile, na safari hii nikiwa na boksi la barafu mapajani: chupa ndogo za kingamwili, zinazotakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Kwenye basi nilikataa kuliweka chini. Bukoba nilinunua barafu mpya kwa muuza samaki, ambaye alitaka kujua ni samaki gani wadogo hivyo. Mama alinipokea bandarini Mwanza akaniona nimekonda, jambo ambalo huliona kila mara. Nikamwomba twende kwanza hospitalini.

Mwenzangu wa zamu alifungua friji, tukazipanga chupa kwenye rafu ya katikati, akasoma lebo moja moja kwa sauti. Alikuwa ameshatoa bloku tano za watoto waliosubiri, zimepangwa mezani kwa tarehe.

"Tuanze na ipi?" akauliza.

"Hakuna hata moja kati ya hizo. Tuanze na mafindofindo."

Akanitazama. Nikamweleza kwamba tulihitaji kipande cha mafindofindo ya mtu mzima wa afya, yaliyokatwa kwa sababu nyingine, kwa kuwa ndani yake kila folikula ina kitovu kisicho na BCL2 na mzingo unaoizunguka uliojaa BCL2. Kitovu kikitoka bluu na mzingo ukatoka kahawia, ndipo tutakapoamini chupa, jiko na mikono yetu, na ndipo tutakapogusa bloku za watoto. Akaenda kwenye kabati la mwaka jana kutafuta, nami nikaweka maji ya bafa kwenye sufuria.